Mzigo wa Mwenzio: Mume na Mke Kugawana Kazi za Nyumbani

     

Leo tunazungumzia jambo ambalo halina tembe dukani wala sindano hospitalini, lakini linaumiza watu wengi. Ni ugomvi kati ya mume na mke kuhusu kazi za nyumbani. Nani ateke maji? Nani apike? Nani aamke usiku mtoto akilia? Nani ampeleke kliniki?

Huenda ukauliza, "Je, hayo nayo ni mambo ya afya?" Ndiyo, mama, ni mambo ya afya. Kazi isiyogawanywa haipotei. Hubebwa na mwili wa mtu mmoja. Mwili huo ukichoka kupita kiasi, anayelipa wa kwanza ni mtoto. Tarehe ya chanjo inasahaulika. Homa inangojewa hadi kesho. Maji hayachemshwi. Titi linachelewa. Ndiyo sababu tunataka kulizungumza jambo hili wazi, bila kumlaumu mtu.

Watu wawili waliochoka

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya mvuvi wa omena. Si nyumba ya fulani, ni mfano tu, ingawa huenda ukadhani ni ya jirani yako.

Mume anaingia ziwani jua likitua. Usiku kucha taa zinawaka juu ya maji ili omena wakusanyike. Anavuta wavu, anapigwa na upepo, anakesha. Asubuhi mashua inaporudi ufuoni, mwili unamuuma na macho ni mekundu. Anataka kuoga, kula na kulala.

Mke naye aliamka saa kumi alfajiri. Amewasha moto, amepika uji, amewatayarisha watoto wa shule. Kisha amembeba mdogo mgongoni, akachukua karai na kushuka ufuoni. Amenunua omena na kuwaanika juani. Mawingu yakikusanyika ni lazima akimbie kuwaanua, maana mvua ikiwanyeshea, hasara ni yake. Katikati ya hayo yote arudi nyumbani afue, atafute kuni, ateke maji na apike.

Saa nane mchana mume anaamka. Chakula hakijaiva. Anauliza, "Kwani umekuwa ukifanya nini tangu asubuhi?" Mke anajibu, "Na wewe umefanya nini zaidi ya kulala?" Basi moto umewaka, na si ule wa jikoni.

Tazama vizuri, msikilizaji. Hakuna mvivu katika nyumba hii. Mume hakuiona kazi ya asubuhi kwa sababu alikuwa amelala. Mke hakuiona kazi ya usiku kwa sababu alikuwa nchi kavu. Kila mmoja anaujua uchovu wake tu. Wenzetu wa pwani wana methali isemayo, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Usufi ni ile pamba nyepesi itokayo kwenye mti wa msufi. Maana yake ni kwamba mzigo ulio kichwani mwa mwenzako, hata uwe mawe, wewe unauona kama gunia la pamba.

Kazi isiyohesabiwa

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Kazi ya ziwani ina saa yake ya kwisha. Mashua ikifika, samaki wakipimwa, kazi imekwisha na pesa zinahesabiwa. Kazi ya nyumbani haina saa ya kwisha, haina mshahara, na mara nyingi haina hata asante. Inaonekana tu siku ambayo haikufanywa.

Mwaka 2021, Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilifanya utafiti kujua Wakenya wanatumiaje saa zao 24 za siku. Matokeo yalionyesha kwamba wanawake hutumia takriban saa nne na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na kuwatunza watu bila malipo. Wanaume hutumia chini ya saa moja. Hiyo ni tofauti ya karibu mara tano. Wala si Kenya peke yake. Mwaka 2018, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilieleza kwamba katika saa zote za kazi za namna hii duniani, zaidi ya robo tatu hufanywa na wanawake.

Fikiria maji peke yake. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Ukienda mara tatu kwa siku, umebeba kilo 60. Kwa wiki moja hizo ni zaidi ya kilo 400, na bado hatujataja kuni, mtoto wa mgongoni wala karai la omena. Je, mwili unaobeba hivyo na kulala saa chache unaweza kukaa bila kuugua?

Uchovu unavyoingia katika afya

Kwanza, mama mjamzito. Anahitaji chakula zaidi, mapumziko, na kuhudhuria kliniki mara kwa mara. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani limeshauri mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane katika ujauzito wake. Hapa kandokando ya ziwa, ambako malaria ni nyingi, huko kliniki ndiko mama mjamzito hupewa dawa ya kuzuia malaria na chandarua chenye dawa. Lakini siku ya kliniki ni siku ya omena pia. Ni siku ya kufua pia. Kama hakuna wa kushika kazi nyumbani, mama husema, "Nitaenda wiki ijayo." Wiki ijayo nayo ina omena wake.

Pili, mama anayenyonyesha. Tunajua kwamba mtoto anafaa kupewa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji. Mama anaposhinda juani ufuoni na mtoto ameachwa nyumbani, anayemlea humpa uji mapema kwa kuwa hana la kufanya. Mtoto akianza kuharisha, tunalaumu uji. Lakini chanzo ni kwamba hakuna aliyepangwa kumpeleka mtoto kwa mama yake anyonye.

Tatu, homa ya mtoto. Mtoto mwenye homa katika sehemu hizi anafaa kupimwa malaria siku ile ile, au kabla ya saa 24 kupita. Ikiwa mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, amelegea sana au hazinduki, hiyo ni hatari na hakuna kungoja hata saa moja. Sasa, katika nyumba ambamo kumpeleka mtoto hospitali ni kazi ya mama peke yake, na mama yuko ufuoni, na baba anasema, "Ngoja mama yake arudi," saa zinapita. Malaria haingoji mama arudi.

Nne, chanjo. Mwaka 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Kenya, na ilianzia kanda yetu hii ya ziwa. Ina dozi nne. Dozi ya mwisho hutolewa mtoto akiwa amekwisha kuanza kutembea, wakati mama amesharudia shughuli zake zote. Ndiyo dozi rahisi kusahauliwa. Lakini kadi ya kliniki haina mahali palipoandikwa kwamba ni lazima aje mama. Baba anaweza kumleta mtoto na kadi yake, naye atahudumiwa.

Tano, moshi. Mama na mtoto mdogo ndio wanaokaa jikoni muda mrefu zaidi, kwa hiyo ndio wanaovuta moshi mwingi zaidi wa kuni. Moshi huo huongeza hatari ya nimonia kwa watoto na magonjwa ya mapafu kwa watu wazima. Baba akimshika mtoto nje wakati mama anapika, amelinda mapafu ya mtoto wake. Wala hilo halimgharimu hata shilingi.

Maneno tunayoyasikia

Mtu akitaja kugawana kazi, maneno huwa mengi. Tuyajibu moja baada ya jingine.

Wapo wasemao, "Kupika ni kazi ya mwanamke." Lakini muulize mvuvi anayekaa kambini visiwani wiki mbili au tatu, ni nani anayempikia? Anajipikia mwenyewe. Anasonga ugali wake, anachemsha samaki wake, anafua nguo zake. Mikono hiyo haipotezi ujuzi wake ikivuka maji kurudi nyumbani. Na katika hoteli nyingi mjini, mwenye kukoroga sufuria ni mwanamume, naye anaheshimiwa kwa kazi yake.

Wengine husema, "Mwanamume habebi maji." Lakini nani anayezunguka na punda au pikipiki akiuza maji kwa mtungi? Wengi wao ni wanaume. Kumbe tatizo si maji. Mtungi ule ule ukilipiwa ni kazi ya mwanamume, usipolipiwa umegeuka kazi ya mke.

Wengine husema, "Nililipa mahari." Mahari ni heshima inayounganisha koo mbili. Haikununua mikono ya mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Kifungu cha 53 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama, na wajibu huo ni wao wawili kwa usawa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo inatambua kwamba kupika, kutunza nyumba na kulea watoto ni mchango katika mali ya familia, hata kama hakuleta pesa taslimu.

Neno linalowatisha wanaume wengi zaidi ni hili: "Watu watasema nimekaliwa." Ndiyo, mama, hofu hiyo ni ya kweli, usiicheke. Kuna wanaume ambao wangependa kusaidia, lakini wanaogopa kuonwa na wenzao. Mwanzoni mume wako anaweza kuchagua kazi asizoona haya kuzifanya: kumpeleka mtoto kliniki kwa boda boda, kupasua kuni, kuleta maji kwa baiskeli, kumwogesha mtoto jioni, kuwasaidia watoto kazi ya shule. Mazoea huja polepole. Jirani akimwona baba na kadi ya kliniki mara ya kwanza atacheka. Mara ya tatu atauliza foleni ilikuwa ndefu kiasi gani.

Majirani zetu wa Rwanda wamelijaribu jambo hili. Katika mradi uitwao Bandebereho, akina baba vijana na wake zao walikutana katika vikundi na kuzungumza kuhusu malezi, ujauzito na kazi za nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba, wakilinganishwa na familia ambazo hazikuwa katika mradi, wanawake walihudhuria kliniki za ujauzito mara nyingi zaidi, wanaume walitumia muda mrefu zaidi kutunza watoto, na vipigo nyumbani vilipungua. Hao ni watu wa Afrika Mashariki kama sisi, wenye mila na majirani wenye maneno kama sisi.

Jinsi ya kuzungumza

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Utaanzaje?

Chagua wakati. Usianze mazungumzo haya mume anaposhuka kutoka mashuani, wala wewe ukiwa umetoka kuanua omena mbele ya mvua. Mtu mwenye njaa na usingizi hasikii. Sisi wa ziwani tuna bahati moja. Siku za mbalamwezi, taa hazivutii omena vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo baba yuko nyumbani usiku na amelala vya kutosha. Huo ndio wakati wako. Vilevile kuna miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, kwa kawaida Aprili hadi Julai. Pesa huwa chache miezi hiyo, lakini saa huwa nyingi.

Chagua maneno. Ukisema, "Wewe ni mvivu, hujawahi kunisaidia," atajitetea, na mazungumzo yamekwisha. Anza kwa kutambua kazi yake. Kisha sema hali yako. Kisha omba jambo moja lililo wazi. Kwa mfano:

"Baba watoto, naona unavyokesha majini kwa ajili yetu, na nashukuru. Mimi nami nimechoka hadi naogopa kuugua. Mtoto ana chanjo Jumatano, na Jumatano ndiyo siku nina omena wengi. Naomba siku hiyo umpeleke wewe."

Umeona? Hakuna tusi, hakuna hesabu ya makosa ya mwaka jana. Kuna shukrani, kuna ukweli, na kuna ombi moja lenye siku yake. "Nisaidie kidogo" ni ombi ambalo halishikiki. "Jumatano umpeleke mtoto" linashikika.

Zihesabuni kazi pamoja. Chukueni punje za mahindi. Tajeni kazi zote za siku nzima, kuanzia alfajiri hadi alfajiri nyingine. Kwa kila kazi, wekeni punje moja upande wa mtu anayeifanya. Msisahau kazi za baba: kukesha ziwani, kushona nyavu, kurekebisha paa, kutafuta karo. Msisahau kazi zisizoonekana: kuamka mtoto akilia, kukumbuka tarehe ya kliniki, kujua unga umebaki kiasi gani. Mkimaliza, tazameni mafungu mawili. Punje hazina matusi. Mara nyingi mume hushangaa, na mara nyingine mke naye hushangaa.

Anzeni na chache. Hamishieni upande wa pili punje mbili au tatu tu, na zianze zile zinazogusa afya: maji ya nyumbani, safari ya kliniki, kumshika mtoto mama akipika au akilala. Msitafute nusu kwa nusu kama watu wanaogawana samaki kwa mizani. Kuna siku baba atakuwa mgonjwa, kuna miezi mama atakuwa mjamzito. Kinachotakiwa ni kwamba kila mmoja apate kulala, kula na kutibiwa.

Ukimwachia kazi, mwachie. Baadhi ya akina mama humwomba mume amwogeshe mtoto, kisha humsimamia: "Si hivyo! Maji ni mengi! Nepi umeifunga vibaya!" Kesho hataki tena. Mwonyeshe mara moja, kisha ondoka. Nepi iliyofungwa upande haijawahi kumuua mtoto. Jambo la usalama msisitizie, kama vile kutomwacha mtoto peke yake karibu na maji au moto. Mengine atajifunza.

Kutaneni tena. Mbalamwezi ikirudi mwezi ujao, kaeni tena. Ulizeni, "Kipi kimewezekana? Kipi kimetushinda?"

Mjamzito, mzazi na mlezi

Mama akiwa mjamzito, mzigo mzito ndio wa kwanza kupunguzwa. Akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, akivimba uso, macho yakiona kiwi, au mtoto akiacha kucheza tumboni, aende hospitali mara moja. Wekeni pesa za usafiri mapema, na mpatane ni nani atakayebaki na watoto.

Mama akijifungua, anahitaji wiki sita za kurudisha nguvu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo mkewe anapojifungua. Mvuvi hana tajiri wa kumpa likizo. Basi na ajipe mwenyewe, hata kama ni siku chache, na apatane na wenzake wa mashua kabla siku haijafika.

Kama mume yuko visiwani au mjini kwa miezi, bado anaweza kubeba sehemu yake. Anaweza kukumbuka tarehe ya chanjo na kupiga simu kuuliza. Anaweza kutuma pesa za kununua maji ili mjamzito asibebe mitungi. Anaweza kumwomba ndugu yake apasue kuni.

Wewe nyanya unayelea wajukuu peke yako, huna mume wa kugawana naye, na mgongo wako si wa jana. Usione haya kuomba. Mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea boma lako anaweza kukusaidia kufuata tarehe za kliniki. Watoto nao wana mikono. Lakini tugawe kwa haki. Tusimtume msichana maji, kuni na kupika, huku kaka yake akicheza mpira hadi giza. Mvulana anayejua kuosha vyombo leo ndiye mume asiyegombana kesho. Na wewe mama mkwe, ukimwona mwanao ameshika ndoo, mwambie, "Vizuri, mwanangu." Neno lako moja lina nguvu kuliko kicheko cha majirani kumi.

Neno la tahadhari

Kuna nyumba ambamo ushauri wa leo wa kuzungumza hautoshi. Ikiwa mume wako hukupiga, hukutishia au hukulazimisha, usijaribu kumwekea punje za mahindi mbele yake. Usalama wako na wa watoto ndio wa kwanza. Mwambie mtu unayemwamini, muuguzi, au mzee wa kijiji anayetunza siri. Unaweza kupiga simu nambari 1195, ambayo ni ya bure, kwa mtu aliyedhulumiwa nyumbani. Ukilazimishwa kimwili, nenda hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, upate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Chakula kuchelewa hakumpi mtu ruhusa ya kumpiga mwenzake. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 iko kwa ajili yako.

Kumbuka

Mama mpendwa, tumesema mengi. Beba haya manne. Ugomvi wa kazi za nyumbani mara nyingi ni ugomvi wa watu wawili waliochoka, wasioonana mizigo. Uchovu wa mama huishia katika afya ya mtoto. Chagueni wakati mzuri, zihesabuni kazi, na mwanze na mbili au tatu zinazogusa afya. Na panapo vipigo, tafuta msaada kwanza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama mume wako yuko karibu sasa hivi, huna haja ya kumsemea kipindi hiki chote. Mwonyeshe kadi ya kliniki ya mtoto, na umwombe akusomee tarehe inayofuata. Hapo ni pazuri pa kuanzia.

 

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani za nyumbani ambazo wanaume huzifanya zikiwa na malipo, lakini hawazifanyi nyumbani kwao? Kwa nini?

2. Mtoto akipata homa mama akiwa ufuoni, nani katika nyumba yako anaweza kumpeleka hospitali bila kungoja? Je, anajua kadi ya kliniki inawekwa wapi?

3. Kama ungehamisha kazi moja tu kutoka kwa mama mwezi huu, ungechagua ipi, na afya ya nani ingefaidika kwanza?

4. Tunaweza kusema nini tukisikia mtu akimcheka baba aliyembeba mtoto wake?